Sifa, Upako na Ukomavu: Uhakiki wa Msamiati wa Uongozi wa Kanisa katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maneno ambayo Kiswahili hutumia kumpima kiongozi wa kanisa la Kikristo, hasa maneno sifa, upako, shahada, baba wa kiroho na ukomavu. Hoja kuu ni kwamba mjadala wa sera katika nchi za Afrika Mashariki umekwama kati ya vipimo viwili, yaani cheti na karama, na kwamba kimojawapo hakiwezi kuziba pengo la kingine. Msamiati wa Agano Jipya kama ulivyoingia katika Kiswahili una kipimo cha tatu, ukomavu, ambacho kimesukumwa pembeni na matumizi ya sasa. Makala yanaonyesha jinsi kipimo hicho kilivyopotea, gharama ya kupotea kwake, na mipaka ambayo watunga sera hawana budi kuizingatia wanapokirejea.

1.0 Utangulizi

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo. Maana yake ni kwamba sheria na kanuni zinazogusa taasisi za dini katika nchi hizi zitazidi kuhitaji matini ya Kiswahili. Mtaalamu wa istilahi atakayepewa kazi hiyo atakuta maneno ambayo tayari yana historia ndefu mimbarani na sokoni. Akiyachukua kama yalivyo bila kuyahakiki, ataingiza ndani ya sheria mkanganyiko ambao waumini wanaishi nao kila Jumapili.

Jambo hili si la kilugha tu. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea kwa moto Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ndani ya jengo la ibada la kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walifariki mjini Moshi, Tanzania, katika msongamano wa waumini waliokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, ya watu wanaodaiwa kufundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Mwokozi. Matukio haya yanatofautiana kwa asili na kwa kiwango cha kosa, na si haki kuyaweka katika kapu moja. Hata hivyo yote yanazaa swali lile lile: waumini walitumia kipimo gani kuamini kwamba aliye mbele yao anastahili kufuatwa?

2.0 Neno sifa na mtego wake

Kanuni za ajira, matangazo ya kazi na katiba za makanisa huanza kwa kuorodhesha sifa za kiongozi. Neno hili lina maana mbili zinazoishi pamoja. Kwanza, sifa ni tabia au hali inayomstahilisha mtu. Pili, sifa ni maneno ya kumtukuza mtu, na ndiyo maana mtu apendaye kuonekana huambiwa kwamba anapenda sifa. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutenganisha maana hizi. Katika uongozi wa kanisa, mipaka imefifia: kiongozi mwenye sifa amegeuka kuwa kiongozi anayesifiwa. Mabango ya mikutano ya injili katika miji yetu humtambulisha mhubiri kwa mlolongo wa vyeo, Mtume, Nabii, Daktari, Askofu Mkuu, na kila cheo kinachoongezwa kinachukuliwa kuwa sifa kwa maana ya kwanza, ilhali mara nyingi ni sifa kwa maana ya pili.

Tukirejea Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, tunakuta orodha ya namna nyingine. Waraka haumuulizi askofu amefanya miujiza mingapi wala anavuta umati wa watu wangapi. Unauliza kuhusu kiasi, ukarimu, ulevi, ugomvi, fedha, usimamizi wa nyumba yake, na ushuhuda wa watu walio nje ya kanisa. Uwezo wa kufundisha ni kipengele kimoja tu kati ya vingi. Yaliyobaki karibu yote ni mambo ambayo hayaonekani katika mkutano mmoja. Huwezi kujua kwa saa mbili za ibada kama mtu hapendi fedha. Anayejua ni mkewe au mumewe, jirani, mwenye duka anayemkopesha, na kijana anayemfulia nguo. Kwa hiyo orodha hiyo, ikisomwa kwa makini, inadai muda na mashahidi. Sifa za aina hii haziwezi kutangazwa na mwenyewe.

3.0 Upako na shahada: vipimo viwili vinavyoshindana

Katika makanisa ya kipentekoste na ya kikarismatiki, neno linalotawala ni upako. Asili yake ni kitenzi paka, na tendo la kupaka mafuta lilikuwa alama ya kumweka mtu wakfu kwa kazi. Katika matumizi ya sasa, upako umekuwa kitu chenye kiasi: unaweza kuwa mkubwa au mdogo, unaweza kushuka, kuhamishwa, kupokewa kwa kuguswa, na hata kuwekwa ndani ya chupa. Badiliko hili la kisarufi lina athari ya kitheolojia. Tendo linalomkabidhi mtu wajibu limegeuka kuwa mali inayompa mtu uwezo. Mwenye wajibu anaweza kuulizwa ametimiza nini. Mwenye mali ya siri haulizwi, anaombwa.

Serikali, kwa upande wake, zimejibu kwa kipimo cha elimu na usajili. Nchini Rwanda, baada ya makanisa zaidi ya 700 kufungwa jijini Kigali mapema mwaka 2018 kwa sababu za usalama, usafi na kelele, ilitungwa Sheria Na. 72/2018 kuhusu mashirika ya kidini. Sheria hiyo ilimtaka mhubiri mwenye jukumu la kuwasimamia wengine awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine ikiambatana na cheti cha masomo ya dini, na ikatoa muda wa miaka mitano wa kutimiza sharti hilo. Mwaka 2024, baada ya muda huo kupita, maelfu ya nyumba za ibada zilifungwa katika ukaguzi mwingine. Nchini Kenya, kanuni zilizopendekezwa kwa ajili ya mashirika ya dini zilisitishwa mapema mwaka 2016 baada ya viongozi wa dini kuzipinga. Baada ya Shakahola, Rais aliunda jopokazi lililoongozwa na Mutava Musyimi, nalo likawasilisha ripoti yake Julai 2024.

Hatua hizi zina mantiki. Mtu asiyejua jinsi ya kusoma matini ya kale anaweza kuchukua mstari mmoja na kuugeuza kuwa amri ya kufa njaa. Elimu ya theolojia hufundisha kwamba wengine wamewahi kuusoma mstari huo kabla yetu, na ujuzi huo pekee ni kinga kubwa. Lakini hoja kwamba shahada huzaa kiongozi salama haisimami mbele ya historia ya ukanda huu wenyewe. Miongoni mwa viongozi wa kundi la Kanungu alikuwamo Dominic Kataribabo, aliyekuwa padri wa Kanisa Katoliki na aliyesomea Marekani. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, baadhi ya waliopatikana na hatia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha walikuwa watu wa madhabahuni: padri Athanase Seromba na mchungaji Elizaphan Ntakirutimana. Hawa hawakuwa wahubiri wa vichochoroni wasio na usajili. Walikuwa wamewekwa wakfu na makanisa makongwe yenye taratibu. Cheti walikuwa nacho. Kilichokosekana hakikuandikwa katika cheti.

Kwa hiyo vipimo hivi viwili, japo vinashindana, vina kasoro moja inayofanana. Vyote hutazama kile ambacho mtu amepata, awe amekipata chuoni au katika maombi ya usiku. Hakuna kinachotazama mtu amekuwa nani.

4.0 Ukomavu: neno na mti wake

Kigiriki cha Agano Jipya kina kivumishi teleios, chenye maana ya kilichofikia mwisho wake au kusudi lake. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyojulikana kama Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, haikulitafsiri neno hili kwa namna moja. Katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 4, tunakuta wazo la ukamilifu. Katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, na Wakorintho wa Kwanza, sura ya 14, tunakuta wazo la mtu mzima. Watafsiri walikuwa na sababu zao za kimuktadha, lakini tokeo ni kwamba msomaji wa Kiswahili haoni kwamba ni neno lile lile. Mkamilifu kwa Kiswahili ni asiye na dosari, na basi msomaji hukata tamaa au huigiza. Mtu mzima ni mwenye umri na majukumu, na basi msomaji hudhani kwamba mvi zinatosha.

Neno ukomavu, ambalo limeenea katika mahubiri na vitabu vya malezi ya kiroho, linaweza kuziba pengo hilo kwa sababu ya mahali linapotoka. Katika lugha ya wakulima na wauza matunda, kukomaa si kuiva. Embe lililokomaa limefikia ukubwa wake na kokwa lake limekaza, ingawa bado ni gumu na la kijani. Kuiva huja baadaye. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu tunda linaweza kuvundikwa. Mkungu wa ndizi uliokomaa ukivundikwa utaiva vizuri. Uliokatwa mchanga, hata ukifunikwa kwa majani kwa siku nyingi, ndizi zake hugeuka rangi na kusinyaa, utamu usije. Anayenunua kwa macho hataona tofauti mpaka amenye.

Maelezo haya yanatusaidia kusoma upya sharti la Waraka wa Kwanza kwa Timotheo kwamba askofu asiwe mtu aliyeongoka karibuni. Neno la Kigiriki hapo ni neophytos, yaani kilichopandwa juzi. Sitiari ni ya shambani, na Kiswahili kina msamiati tajiri wa kuipokea. Mwandishi wa waraka hasemi kwamba mche mpya ni mbaya. Anasema kwamba ukitwishwa mzigo utavunjika, na anautaja mvunjiko wenyewe: majivuno. Waraka huo huo unataka mashemasi wajaribiwe kwanza, na sura ya 5 inaonya dhidi ya kumwekea mtu mikono kwa haraka. Huku kote ni kukataa kuvundika.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho huwatambua Wakorintho kuwa watu wasiopungukiwa karama, kisha katika sura ya 3 huwaita watoto wachanga kwa sababu ya wivu na fitina zao. Karama na ukomavu ni vitu viwili, na vinaweza kukosana katika mtu mmoja. Waebrania sura ya 5, kwa upande wake, huueleza utu uzima kuwa ni uwezo wa kupambanua mema na mabaya unaopatikana kwa mazoezi. Tukiunganisha maandiko haya tunapata fasili inayoweza kufanyiwa kazi: ukomavu wa kiroho ni uwezo wa kupambanua na kutenda lililo jema, uliojengwa kwa mazoezi ya muda mrefu na kuthibitishwa na wanaoishi na mhusika. Fasili hii haina upako wala shahada ndani yake, ingawa haivikatai.

5.0 Baba wa kiroho na utoto usiokwisha

Istilahi nyingine inayostahili uhakiki ni baba au mama wa kiroho, pamoja na mwenzake, mtoto wa kiroho. Katika jamii zetu, kumwita mtu baba ni heshima ya kawaida, na Paulo mwenyewe alitumia lugha ya uzazi kwa watu aliowafundisha. Tatizo linaanza pale uhusiano huu unapokosa mwisho. Baba wa nyumbani hufurahi mwanawe akioa, akijenga na kuanza kuketi katika baraza la ukoo. Baba wa kiroho wa siku hizi, katika baadhi ya huduma, hutarajia mtoto aombe ruhusa ya kuoa, ya kubadilisha kazi na ya kusafiri, akiwa na umri wa miaka 45 na wajukuu wako njiani. Mtoto huyo hakui kwa sababu nafasi yake katika lugha haimruhusu kukua.

Waefeso sura ya 4 inageuza mpangilio huu. Mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na walimu wanatajwa pale kuwa wametolewa ili waumini wasiendelee kuwa watoto wachanga wanaopeperushwa na kila upepo wa mafundisho. Kwa maneno mengine, kipimo cha ukomavu wa kiongozi ni kukomaa kwa wafuasi wake. Kiongozi ambaye baada ya miaka 20 bado amezungukwa na watoto ameshindwa kazi yake, hata kama uwanja umejaa. Hiki ni kipimo kigumu, na pengine ndiyo sababu hakitumiki sana.

Jambo la karibu na hili ni cheo kinachoambukizwa kwa ndoa. Katika makanisa mengi mke wa mchungaji huitwa mama mchungaji tangu siku ya harusi, na hutarajiwa kushauri ndoa za watu na kusuluhisha migogoro, bila mtu kuuliza kama amekomaa kwa kazi hiyo au kama anaitaka. Lugha imemvundika. Kwa upande mwingine, wanawake waliokomaa kwa miaka mingi ya kuhudumia wagonjwa na wafiwa hubaki bila jina lolote.

6.0 Ushahidi wa muda

Je, ukomavu unaweza kuonekana? Historia ya Uganda inatoa mfano. Janani Luwum aliongoka mwaka 1948 kupitia uamsho wa Balokole, akawa mhudumu aliyewekwa wakfu miaka ya 1950, akafanywa askofu mwaka 1969 na askofu mkuu mwaka 1974. Kutoka kuongoka hadi uaskofu ni miaka 21. Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na dhuluma. Aliuawa tarehe 16 mwezi huo. Msimamo ule haukuzaliwa siku ile. Ulikuwa umekomazwa na miongo ya nidhamu ya udugu ambamo muumini wa kawaida aliweza kumkemea kasisi, na kasisi alitarajiwa kuungama makosa yake mbele ya wengine. Methali isemayo ukubwa ni jaa inaeleza hali hiyo vizuri: aliyekomaa hukubali kutupiwa takataka, na hatafuti wa kumtupia.

Hata hivyo mfano huu usigeuzwe kuwa utetezi wa jumla. Uamsho wa Balokole ulianza nchini Rwanda, Gahini, katika miaka ya 1930, na urithi wake haukutosha kuzuia yaliyotokea 1994. Taratibu za kukomaza watu zinaweza kuchakaa zikabaki maneno: ungamo likawa kanuni inayokaririwa, na udugu ukaishia kwenye mpaka wa kabila. Ukomavu si kitu ambacho kizazi kimoja kinaweza kukiwekea kingine akiba.

7.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba ukomavu haupimiki, na sheria haiwezi kutumia kisichopimika. Hoja hii ni sahihi, nayo inafaa izingatiwe na wote wanaoshauri serikali. Afisa wa usajili hana uwezo wala haki ya kuamua nani amekomaa kiroho. Akipewa mamlaka hayo, atayatumia dhidi ya kiongozi anayeikosoa serikali. Mbele ya utawala wa Amin, Luwum asingepewa cheti cha ukomavu. Lakini kutokana na hoja hii hatuwezi kusema ukomavu uachwe. Tunachoweza kusema ni kwamba kazi igawanywe. Dola ipime yanayoonekana: hesabu za fedha zilizokaguliwa, usalama wa majengo, ulinzi wa watoto, kuwapo kwa bodi inayoweza kumwondoa kiongozi. Kanisa lipime yasiyoonekana kwa karatasi, na liwe tayari kutoa maelezo ya jinsi linavyoyapima.

Pingamizi la pili ni kwamba msisitizo wa muda utawafungia vijana mlango. Neno mzee wa kanisa linachochea hofu hii, kwa kuwa kwa Kiswahili mzee ni umri kwanza, wadhifa baadaye. Methali yetu ya utu uzima dawa nayo huweza kutumiwa kuwanyamazisha wadogo. Lakini Timotheo mwenyewe aliambiwa asikubali kudharauliwa kwa sababu ya ujana wake. Neophytos hahusiani na miaka ya kuzaliwa; anahusiana na miaka ya mizizi. Kijana wa miaka 30 aliyehudumu kwa uaminifu kwa miaka 12 amekomaa kuliko mstaafu wa miaka 60 aliyeongoka mwaka jana na kufungua kanisa lake mwezi uliofuata.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba msamiati wa sasa wa uongozi wa kanisa unampa muumini maneno mengi ya kumsifu kiongozi na machache ya kumpima. Upako umegeuka mali, shahada imebebeshwa kazi isiyo yake, na lugha ya uzazi imewaacha watu wazima katika utoto.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, matini za kisheria za Kiswahili zitumie neno masharti pale ambapo dola inadai jambo linaloweza kuthibitishwa, na kuliepuka neno sifa lenye maana mbili. Pili, maneno kama ukomavu wa kiroho yasiingizwe katika sheria kabisa, bali yapewe fasili ndani ya katiba za makanisa, pamoja na muda wa majaribio na orodha ya mashahidi, wakiwamo watu wa nyumbani na majirani wasio waumini. Tatu, watafsiri wa Biblia na waandaaji wa mafunzo ya viongozi wazingatie uhusiano kati ya maneno yanayotafsiri teleios, ili msomaji aone kwamba ukamilifu, utu uzima na ukomavu ni jambo moja lililogawanywa na tafsiri.

Muumini aliyeko kijijini Kilifi au kando ya Ziwa Kivu hatasoma ripoti za jopokazi. Atakachokuwa nacho siku mhubiri mgeni atakapofika ni maneno aliyofundishwa. Akiwa na neno upako peke yake, atauliza mgeni huyu ana nguvu gani. Akiwa na neno ukomavu, atauliza mgeni huyu alikuwa wapi, na nani alimwona akikua. Swali hili la pili lingeokoa wengi.